Nyota Zisizojua Jina la Mtu

Cape Town, Afrika Kusini
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Kwa Mjomba wangu Saidi,

Shikamoo Mjomba. Assalaam aleikum. Najua barua hii inakukuta ukiwa umeudhika nami, kwa hiyo naanza na bega lako. Mdogo wangu Juma aliniambia kwamba mwaka huu mashine ya kupulizia mikorosho salfa ilikuumiza, na bado ulikataa kumwachia mtu mwingine shamba la upande wa mtoni. Limepoa? Na kile kikohozi cha vumbi la salfa, kimekuachia? Ile mikorosho michanga uliyopanda kando ya njia ya kwenda Madimba, imeshika au mbuzi wa jirani wameimaliza? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Ninachosumbuka nacho ni baridi. Nalala na soksi, na asubuhi maji ya bomba yanauma vidole mpaka natia udhu huku nakunja uso.

Ujumbe wako wa sauti niliupata wiki sita zilizopita. Nikakujibu kwa neno moja tu, kwamba nimesikia na nitakuandikia. Mama amenieleza kuwa kila Juma akija na simu yake unamwuliza kama nimesema lolote. Nisamehe kwa kukusubirisha, Mjomba. Sikunyamaza kwa kiburi. Siku ile ile uliyonitumia ujumbe kulitokea jambo hapa kazini, na nikaona ni heri lifike mwisho ili nikueleze kitu kilichokwisha. Tena nilitaka uwe na karatasi mkononi. Maneno ya kwenye simu yakipita kwa watu watatu yanakuwa mengine. Karatasi unaweza kumpa Mwalimu wa madrasa akaisoma kwa macho yake.

Ulichosema nimekisikiliza mara nyingi hata nakijua kwa moyo. Ulisema watu wameanza kufika kwa Mama wakiwa na majina yao na majina ya mama zao, wanataka niwatazamie nyota. Mmoja amepotelewa na pikipiki, mwingine mkwewe hapati mtoto. Ulisema Bi Esha, jirani yetu wa nyuma ya kisima, alikuja na jina la binti yake Mwanahamisi anayeanguka na kutoka povu, na Mama alipomwambia kwamba sifanyi kazi hiyo, Bi Esha akaondoka analia, akasema tunamnyima msaada. Ulisema baada ya sala ya Ijumaa wazee wawili walikuweka kando wakakuuliza kama ni kweli mpwa wako anapiga ramli kwa mashine za Wazungu. Halafu nikasikia kuku wanapita, ukasema:

"Somoe, mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo nikasema mtoto huyu asome. Sikusema akasome nyota. Acha kazi hiyo, urudi kabla korosho hazijaanza kuanguka. Ualimu upo."

Sijasahau siku uliyosimama. Nilikuwa nimekaa na Mama mlangoni, nimemaliza kidato cha nne, na kila mtu pale uani alikuwa na neno lake juu yangu. Mjomba ukisema hapana, hakuna wa kusema ndiyo. Wewe ulisema ndiyo. Kwa hiyo ninakujibu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na ninakujibu kwa yale yaliyotokea.

Kwanza kazi yenyewe. Kuna madishi mengi makubwa, kila moja linazidi nyumba yako kwa upana, yamepangwa kwenye nyika kavu mbali sana na mji huu, mahali ambapo hata simu huruhusiwi kuwasha. Yanasikiliza mawimbi ya redio yanayotoka mbinguni. Hayahitaji giza, yanafanya kazi mchana kama usiku, na mimi naingia ofisini asubuhi kama karani yeyote. Dada Zuhura wa Magomeni alidhani ninakesha juu ya paa. Nalala mapema kuliko yeye.

Kazi yangu ni jozi moja ya nyota. Moja ni nyota ya kawaida. Ya pili ilikufa zamani, ikajikunja mpaka ikawa kitu kidogo na kizito kupita kiasi, hata mwanga wake hautoki, na watu wa fani hii wanakiita shimo jeusi. Shimo hilo linamnyonya mwenzake polepole. Gesi inayonyonywa inazunguka, inapata moto mkali, na inatoa miale ile ile ya eksirei inayopiga picha za mifupa hospitalini. Sasa, si yote inayomezwa. Nyingine inarushwa nje kwa njia mbili, huku na huku, kwa mwendo unaokaribia mwendo wa mwanga. Ile inayorushwa ndiyo inayotoa mawimbi ya redio, na ndiyo ninayoifuata mimi.

Wewe umeshika mashine ya kupulizia maisha yako yote, basi fikiria midomo miwili, mmoja unaelekea mbele na mwingine nyuma. Mara nyingi inapuliza kidogo kidogo kwa utulivu. Lakini unajua inavyokuwa mashine ikitaka kuzimika: inakohoa, inanyamaza, halafu ghafla inatupa wingu zima la salfa kwa mara moja, na lile wingu linaondoka peke yake juu ya mikorosho. Nyota zangu nazo zinafanya hivyo. Wingu likitupwa, mawimbi ya redio yanalipuka, kitu kilichokuwa hakionekani kinang'aa kuliko majirani zake wote. Baada ya siku moja au chache kinafifia. Asiyekuwa akitazama amekosa, na huenda ikachukua miaka kabla hazijafanya hivyo tena.

Ndiyo kazi yote, Mjomba. Jina la mtu haliingii popote. Nyota zangu zenyewe hazina jina, zina namba ndefu tu. Na ziko mbali kiasi kwamba kile ninachokiona leo kilitokea huko maelfu ya miaka iliyopita. Wakati huo hakukuwa na pikipiki iliyopotea wala mkwe aliyeolewa. Nyinyi mnapotoka kutazama mwezi wa Ramadhani, hakuna anayesema mnapiga ramli. Mnatazama kujua ulipo. Mimi pia.

Sasa nikwambie kilichotokea, na nianze na aibu yangu, maana bila hiyo huwezi kuelewa mengine.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikosea. Kila wiki madishi yanatazama nyota zangu kwa robo saa, kisha mimi nayatengeneza yale yaliyosikika mpaka yawe picha. Kabla ya kupima nyota yoyote, lazima kwanza usawazishe mizani kwa kutumia kitu cha mbinguni ambacho nguvu yake inajulikana. Wiki ile nilitumia kitu kisicho chenyewe. Nyota zangu zikaonekana zimelipuka. Kwa furaha yangu nikawaandikia watu wote wa kundi letu, wakaahirisha kazi zao, na saa mbili baadaye ikagundulika kwamba ni mizani yangu ndiyo iliyokosea. Hebu fikiri karani wa ghala aliyesahau kusawazisha mizani, akawaita wakulima wote waje waone mavuno ya ajabu. Mkuu wangu, Profesa Marike, ni mama wa makamo asiyepandisha sauti. Aliniita akaniambia kwamba kosa moja analielewa, lakini likitokea la pili atanipa kazi nyingine ambayo haina haja ya kuaminiwa. Nilirudi chumbani nikalia. Sikuwaambia nyumbani.

Tangu siku hiyo ofisini walinisalimia vizuri, lakini kila nilichoandika kilipitiwa na Themba kwanza. Themba ni kijana mwenye uzoefu, amenitangulia miaka kadhaa, mtu wa Kwazulu, mpole. Hakufanya kwa ubaya. Lakini kupitiwa kila neno kunachosha, Mjomba, ukiwa ulishawahi kusimama mbele ya darasa zima na kuaminiwa.

Jumanne uliyonitumia ujumbe, niliusikiliza saa moja asubuhi nikiwa nimeshika kikombe. Chai ikapoa mkononi. Nikatembea mpaka ofisini nikiwa nimeshaamua, nikwambie ukweli, kwamba nitakutii. Nilikuwa natafuta tu maneno ya kumwambia Profesa. Nilijiona nimeshindwa huku na nimewaaibisha kule, na kwamba labda wewe umeona mbali kuliko mimi.

Saa tatu nikafungua picha ya wiki ile. Mahali zilipo nyota zangu, ambapo kwa miezi saba palikuwa na doa hafifu la kutafuta kwa macho, palikuwa paking'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye picha.

Sikushangilia. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimekosea tena. Siku chache kabla, setilaiti inayopima eksirei ilikuwa imeonyesha kwamba jozi ile imeanza kubadilika tabia, kwa hiyo mlipuko ulitarajiwa. Lakini kitu kinachotarajiwa ndicho rahisi kujidanganya nacho. Nikafuta yote, nikaanza upya. Nikahakiki kitu cha kusawazishia, mara tatu, nikisoma namba yake kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikatoka vile vile. Nikajaribu na kitu kingine cha kusawazishia. Vile vile.

Ndipo nikakumbuka magunia. Unakumbuka ulivyonifundisha pale ghalani? Ukiishuku mizani, usibishane na karani, pandisha gunia unalolijua uzito wake. Katika picha yangu kulikuwa na madoa mengine, mbali sana nyuma ya nyota zangu, ambayo hayabadiliki mwaka mzima. Nikayapima moja moja. Kama mizani ingekuwa mbovu, yote yangepanda. Yote yalikuwa vile vile kama wiki iliyopita, na wiki kabla ya hiyo. Nyota zangu tu ndizo zilizopanda. Ilikuwa saa sita kasoro.

Profesa alikuwa angani, kwenye ndege ya kwenda Ulaya, angefika jioni. Nikampelekea Themba kila kitu. Alitazama kwa muda mrefu, akashusha miwani, akasema inaonekana ni kweli, lakini tusubiri Profesa atue. Nikamwambia kwamba ifikapo jioni nyota zile zitakuwa zimeshatua kwetu, na madishi ya nchi nyingine yatakuwa yametazama kwingine. Tunatakiwa kutangaza sasa ili dunia nzima igeuze macho. Akasema tangazo haliwezi kurudishwa mdomoni likishatoka. Na kwamba mimi, kuliko mtu mwingine yeyote pale, sina nafasi ya kukosea. Alisema kwa upole, na alikuwa sahihi, ndiyo maana lilinichoma.

Adhuhuri ikaingia. Nina kachumba ninakoswalia, stoo ya nyaya kuukuu, nimetandika mkeka wangu katikati ya makopo. Niliswali, nikabaki nimekaa. Sauti yako ilikuwa bado kichwani, urudi, uache. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho asubuhi sikukiona. Nilikuwa nataka kukutii kwa sababu nimeogopa. Heshima kwako sikuwa nayo akilini. Nilikuwa naogopa kukosea mara ya pili, na amri yako ilinipa mlango mzuri wa kutokea. Ningerudi nyumbani, watu wangesema mtoto ana adabu, na mimi mwenyewe ningejua kila siku kwamba niliikimbia picha niliyokuwa nimeshaipima kwa magunia yote.

Nikainuka. Nikarudi kwa Themba nikasema, "Nalituma tangazo kwa jina langu peke yake. Likiwa kosa, ni la Somoe."

Akaniangalia. "Unajua kitakachokupata?"

"Najua. Alishaniambia."

Akavuta kiti chake kando nipite kwenye kompyuta ya kupelekea matangazo. Alibaki pale amesimama nyuma yangu wakati naandika, na aliponiona nimekosea herufi moja kwenye namba ya nyota, akaigusa kwa kidole nikairekebisha. Nikatuma saa nane mchana.

Mjomba, saa nne zilizofuata sitaki kuzirudia maishani. Sikula. Nilisafisha meza yangu yote, nikapanga kalamu. Dunia inavyozunguka, nyota zile zilipokuwa zinashuka kwetu zilikuwa zinawainukia watu wa Amerika. Wao ndio waliojibu kwanza, jioni, kwa mistari miwili tu: wameziona, zinang'aa, nguvu yake inakaribiana na niliyotangaza mimi. Themba alinisomea yeye, kwa sababu mimi macho yangu yalikuwa yamejaa. Akaenda akarudi na chai na mkate, akaniwekea mbele, akaniambia nile.

Profesa alipotua alipiga simu. Nilisimama kupokea, kana kwamba ananiona. Aliuliza maswali kumi hivi, ya kazi tu, nimesawazisha na nini, nimehakiki kwa njia gani. Nilipomaliza kumweleza habari ya madoa yasiyobadilika, akasema, "Picha ulikuwa nayo saa tatu asubuhi. Umetangaza saa nane. Umechelewa saa tano. Usichelewe tena."

Nikasema sitachelewa. Mpaka nimekata simu ndipo nilipoelewa kwamba ananiambia niendelee.

Na kweli kuchelewa kwangu kuligharimu. Tulikuja kujua baadaye kwamba kilele cha mlipuko kilipita mchana ule ule, na setilaiti ya eksirei iligeuzwa ikiwa kilele kimeshapita. Kipande kile hakuna atakayekirudisha. Lakini siku zilizofuata madishi yetu yalipewa nyota zile kila siku, na ya mabara mengine yakaunganishwa pamoja ili kuona kwa makali zaidi, na ndani ya siku chache wakaona mawingu mawili madogo yakiachana na nyota, moja huku na moja kule, yakienda. Nimeyapima mwenyewe wiki hadi wiki. Wiki hii yalikuwa mbali zaidi kuliko wiki iliyopita. Sijui nikwambieje nilivyojisikia kuona kitu kinatembea mbinguni na mimi ndiye niliyesema, tazameni pale.

Ijumaa ya wiki ile, nilipopata usingizi na akili kutulia, nilimpigia Bi Esha. Sikukuomba ruhusa na hilo pia nakueleza. Nilimkuta anatwanga kisamvu. Nilimwuliza habari za Mwanahamisi. Akasema jana ameanguka kando ya kisima, ameumia kidevu. Akanitajia jina la mtoto na jina lake mwenyewe, taratibu, nadhani alifikiri naandika.

"Bi Esha," nikamwambia, "mimi natazama nyota kweli, kila siku. Nyota hazijui habari za Mwanahamisi."

Aliweka mchi chini. Kisha akauliza, "Sasa nani anajua?"

Nikamwambia huenda daktari anajua, na kwamba kuanguka na kutoka povu kuna dawa, nimeona mwanafunzi wangu mwenyewe akitumia nilipokuwa nafundisha Mtwara mjini. Akasema kule hospitalini watu watamwogopa, mtoto ataonekana ana mashetani. Hapo nikampigia Mama, na Mama, unamjua dada yako, Jumatatu asubuhi alijifunga khanga mbili akawatangulia Bi Esha na mtoto mpaka hospitali ya mkoa. Daktari akasema ni kifafa. Amepewa vidonge vya kumeza kila siku bila kuruka. Mama anasema kwa mwezi mmoja sasa ameanguka mara moja tu, na amerudi shule, ingawa walimu bado wanamkalisha peke yake. Nakuomba, Mjomba, wewe unayesikilizwa, uende pale shuleni uzungumze na mwalimu mkuu. Mtoto yule haambukizi mtu. Na akiishiwa vidonge, asiachwe akae nyumbani kwa sababu hakuna wa kumpeleka.

Sasa jibu lako.

Sirudi kabla ya korosho. Alhamisi iliyopita Profesa aliniita akaniwekea mbele mkataba wa miaka mitatu mingine. Ninatakiwa kuongoza ufuatiliaji wa mawingu yale mawili mpaka yafifie yasionekane, na kuangalia jozi nyingine nne za nyota za namna hiyo, na nitakuwa na wanafunzi wawili chini yangu. Themba ndiye aliyenipendekeza. Niliomba siku moja. Nilijua utaratibu: nikupigie, nikueleze, nisubiri ukoo ukae. Na nilijua kwamba wakati ule, na maneno yale ya baada ya sala ya Ijumaa, ukoo ungesema hapana, na wewe ungelazimika kuwa upande wao au kugombana nao kwa ajili yangu mara ya pili. Sikutaka kukuweka pale. Nikaweka sahihi.

Nimeweka sahihi kabla ya kukuomba, Mjomba. Hilo ni kosa, nalijua, na kwa hilo nakupigia magoti na nipo tayari kwa faini yoyote utakayoamua. Kwa kazi yenyewe sikuombi radhi, kwa sababu haina ubaya wa kuombewa radhi.

Mwanzoni mwa Desemba nitakuja likizo ya wiki tatu. Naomba uwaite wote waliokuja kwa Mama na majina yao, na wazee wale wawili, na Mwalimu wa madrasa akipenda. Sitaki wakae uani kwa mtu mwingine. Wakae uani kwako. Nitasimama mbele yao nieleze ninachofanya, na aliye na swali aulize mpaka achoke. Atakayeuliza kama ninaweza kumtazamia, nitamjibu hapana mbele ya watu wote. Nikimaliza, wewe ndiye utakayesema la mwisho kuhusu mimi. Nitakaa nilisikie, hata likiwa zito.

Nisalimie Mama, mwambie sweta alilonifumia ndilo nililovaa naandika. Msalimie Mkaza-mjomba wangu, mkeo, na uji wake wa muhogo ambao huku nimejaribu kuupika nikaunguza sufuria ya watu. Msalimie Juma, mdogo wangu, tarishi wetu mwenye simu, mwambie asiwaambie watu kwamba dishi la dada yake limeyumba, eti nimerukwa na akili. Utani wake umenifikia. Wasalimie watoto wa marehemu dada Rukia, wote wanne. Msalimie Mwalimu Komba aliyenifundisha fizikia, ukikutana naye Nanyamba, na Mwalimu wa madrasa, ambaye namwomba aisome barua hii mwanzo hadi mwisho kabla ya kusema lolote. Na Mwanahamisi msalimie kwa jina lake, mbele ya wenzake, wasikie.

Ni mimi mpwa wako, mtoto wa dada yako, uliyemsemea ndiyo,

Somoe